Kamba Kwenye Kidole Gumba

Usagara, Tanga
9 Oktoba 1983

Kaka yangu Shaib,

Shikamoo, na shikamoo ya pili ni ya Hatibu, ameniambia nisisahau kuitia humu ndani. Barua nampa jirani anayevuka kesho kuja Wete. Akikufikia mpe japo maji, ni mtu mwema ila anasema sana.

Sisi huku tunaamka na tunalala, Alhamdulillahi. Sabuni hatuijui tena, tunafulia majani ya mpapai. Unga ni ule wa njano, mama mkwe wangu Bi Chiku anasema tangu aanze kuula anaota farasi. Shemeji yako Kombo tangu kiwanda kisimame anabeba mizigo ya watu, siku anapata, siku anarudi na jasho lake tu. Hatibu ametimiza minne na mdomo wa mzee. Rahila ana miezi minane sasa. Ana macho ya mama yetu, Mungu amrehemu, ukimwona utasema jina hatukukosea.

Wenye nyumba wetu, Bwana Kurbanali na mkewe Shenaz, wamehama. Tangu ule msako wa walanguzi madukani duka lao halikufunguka tena, wakauza walichoweza wakaondoka. Shenaz alilia kwangu kama ndugu. Ameniachia susu yake, ile ya kitambaa kinene inayoning'inia kwenye boriti, uliyomwona Hatibu analala humo ulipokuja. Lakini springi ya chuma kaichukua. Aliniambia, "Mwatum, springi hii amelelewa nayo mume wangu, wakaja wanangu wote. Siwezi kuiacha, nitakuwa nimeacha mtu." Akaniusia na neno jingine: nisiibembeze susu ikiwa tupu, wala nisitie humo kitu kisicho mtoto. Kwao ni mwiko mkubwa.

Basi Kombo akakata ukanda wa tyubu ya gari, ndio tumefungia. Na hapo ndipo lililonifanya nikuandikie, wewe mwalimu wa sayansi.

Unajua mimi nasuka ukili wa mikeka mchana kutwa. Kamba ya susu nafunga kwenye kidole gumba cha mguu, navuta mara moja, mikono inaendelea na kazi. Wakati wa Hatibu nikivuta mara moja susu ilicheza mpaka mimi nachoka kuitazama. Na hata nikiacha, nilikuwa nasikia kidole kinavutwa, dup, dup, kama samaki anaonja chambo. Na Rahila alianza vile vile. Lakini wiki ile aliyoondoka Shenaz na springi yake, ndiyo wiki aliyougua mtoto homa, na tangu tutie mpira susu haichezi. Navuta, inapanda, inashuka, inapanda kidogo, imesimama. Kidole changu hakivutwi na mtu.

Nieleze, ni mpira mnene mno au mwembamba? Tufunge mara mbili? Kombo anasema yeye si fundi wa tyubu.

Ndimi mdogo wako,
Mwatum


Mtambwe, Pemba
2 Novemba 1983

Mdogo wangu Mwatum,

Marahaba, na ya Hatibu nimeipokea peke yake, mwambie mjomba wake hakuichanganya. Huyo jirani yako kweli anasema. Alikunywa maji, akanywa na chai, nikapata habari za mtaa mzima wa Usagara hata wa watu nisiowajua.

Sisi wazima. Mvua za vuli zimeanza, karafuu zimeshika vizuri, na skuli itafungwa wanafunzi na walimu tuingie mashambani. Nguo za kuvaa ndiyo shida. Nasomesha na kanzu moja, nikiifua siku hiyo naumwa.

Swali lako zuri kuliko ya wanafunzi wangu. Sikiliza.

Unapoivuta susu kwa kidole, nguvu inatoka kwako. Uliipata wapi? Kwenye huo unga wa njano. Nguvu hiyo inaingia kwenye mpira, mpira unavutika unakaa nayo. Ukiachia, mpira hautaki kubaki na cha watu, unairudisha: susu inapanda. Ikifika juu inasimama kidogo, umeona? Pale haina mwendo, lakini nguvu haikwenda popote, imekuwa kimo. Kisha ardhi inaita, maana ardhi inaita kila kitu. Susu inashuka, kimo kinageuka mwendo. Na chini kabisa mwendo unakwisha, mpira umevutika upya. Kitabuni inaitwa nishati. Haizaliwi wala haifi, inabadili kanzu tu. Ina bahati kuliko mimi.

Utauliza, basi kwa nini inasimama? Kwa sababu kila ikibadili kanzu kuna uzi unachomoka. Chukua kipande cha tyubu, kivute upesi upesi, ukiweke mdomoni: utakikuta kina joto. Huo ndio uzi. Chuma kinachomoa uzi kidogo, mpira unachomoa mwingi. Kwa hivyo kweli, susu ya mpira itasimama upesi kuliko ya springi. Kufunga mara mbili hakutasaidia.

Lakini Mwatum, kuna jambo. Hata ile springi ya Shenaz isingecheza hivyo kwa mvuto mmoja. Haiwezekani. Ilicheza kwa sababu mle ndani mlikuwa na mtu anaongeza. Hatibu alikuwa akipiga mateke, kila teke ni nguvu mpya inaingia. Ndiye aliyekuvuta kidole.

Rahila anapiga mateke?

Nijibu hilo kwanza, mpira baadaye.

Kaka yako,
Shaib


Usagara, Tanga
28 Novemba 1983

Kaka Shaib,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, pale penye kanzu nimecheka mpaka Bi Chiku akaja kuuliza. Nikamfanyia ile ya mpira. Nimeuvuta upesi upesi nikauweka mdomoni, na kweli kaka, una joto! Bi Chiku akasema, "Sasa umeanza kula tyubu? Njaa imefika huko?" Tangu siku hiyo akiniona na mkasi anaficha ndala zake.

Habari kubwa ni kwamba mpaka umefunguliwa. Watu wanapita Horohoro kwa miguu yao mchana kweupe, si kwa vichochoro vya porini kama zamani. Kombo naye amekwenda Mombasa na wenzake, wamechukua machungwa ya Maramba, watarudi na sabuni na mafuta ya kupikia inshallah. Nimemwambia, ukikosa vyote usikose springi ya susu ya mtoto. Nimempimia kwa mkono, urefu huu, unene huu. Ameniahidi.

Kwa hiyo ile shida ya mpira karibu itakwisha. Umesema mwenyewe chuma kinachomoa uzi kidogo.

Rahila amenenepa. Anacheka sana, akimwona kuku anacheka, akiona kivuli anacheka. Bi Chiku anamsifu, anasema huyu mtoto ana adabu, ametulia, si kama kaka yake aliyekuwa akinirarua tumbo. Watoto wa kike ndivyo walivyo, au siyo? Ana mikono mizito, akikushika kidole huchomoi.

Hatibu anauliza kama ardhi inaita kila kitu, mbona haiiti mwezi. Mjibu mwenyewe.

Ndimi mdogo wako,
Mwatum


Mtambwe, Pemba
11 Desemba 1983

Mwatum,

Marahaba. Naandika upesi, kesho alfajiri naingia shambani, na mpaka karafuu zishe sitashika kalamu. Mwambie Hatibu ardhi inauita mwezi pia, ila mwezi una mbio, kila ukianguka unaikosa ardhi. Akielewa mlete kwangu awe mwalimu.

Nilikuuliza swali moja. Umenijibu mikono, umenijibu kicheko, umenijibu adabu. Sikukuuliza adabu.

Springi ikija fanya hivi. Mlaze Rahila kwenye susu, iache itulie, tia alama ya mkaa ukutani pale chini yake inapofika. Mtoe. Chukua mfuko, utie mchanga kidogo kidogo humo kwenye susu mpaka ishuke ifike alama ile ile. Huhitaji mzani, springi yenyewe ni mzani: vitu viwili vikiishusha sawa uzito wao ni mmoja. Sasa weka kigoda chini yake, vuta mpaka ikiguse, achia, na uimbe ule wimbo wa mama wa paka na papa. Angalia susu inasimama ukiwa umefika wapi. Kisha mtie Rahila, akiwa macho, ameshiba, anacheka. Vuta vile vile. Imba vile vile.

Mchanga utasimama pahali pake. Mtoto mzima atakumalizia wimbo.

Usimwogope Shenaz na mwiko wake. Mwogope Mungu aliyekupa macho.

Shaib


Usagara, Tanga
15 Januari 1984

Kaka yangu Shaib,

Shikamoo. Natumai karafuu zimekwisha na umepumzika. Maulidi huku ilisomwa vizuri, mchele ulipatikana kwa mwenye jamaa bara. Tulikuombea wewe na marehemu wetu.

Kombo amerudi salama. Sabuni ameleta, mafuta ameleta, na springi ameleta. Mpya, inang'aa, ina mafuta bado. Mama mkwe akaipiga kucha, ikalia, akasema hii hata mjukuu wa Rahila ataikuta. Tumefungia siku ile ile. Ni springi nzuri.

Kombo ananenepa matumaini. Anasema mambo yatafunguka, si mpaka tu. Anataka kwenda tena mwezi ujao.

Mchanga sijatia. Usinikasirikie. Naogopa, kaka. Shenaz hakuwa mtu wa mambo ya kijinga, aliniambia ameshika mkono wangu. Nikishika mfuko naona kama namchimbia mtu.

Springi ni nzuri sana.

Nijibu, barua yako imekawia. Huwa hukawii.

Mwatum


Usagara, Tanga
20 Februari 1984

Kaka,

Shikamoo. Hujanijibu, sijui una nini. Jirani anayevuka ameuliza kwako akaambiwa upo, mzima, hutoki. Mwalimu Shaib hatoki? Sijaelewa, lakini naandika tu, maana nikikaa nalo peke yangu litanipasua.

Nimetia mchanga.

Bi Chiku alikwenda kwenye matanga kwa jirani, Hatibu nikampa kipande cha muwa nje. Alama ya mkaa niliitia vizuri. Mchanga nilichota kwa kata, kidogo kidogo, mpaka susu ikashuka ikafika pale pale anapofika mwanangu. Nikasema bismillahi nikavuta, nikaachia, nikaimba. Susu ikasimama nikiwa nimefika pale paka anapofukuzwa kwa ufagio.

Nikautoa mfuko, nikapangusa, nikamtia Rahila. Alikuwa macho, ameshiba. Ameshika upindo wa kitambaa ananitazama kama naye anangoja. Nikavuta. Nikaimba.

Pale pale, kaka. Pale penye ufagio. Sikuongeza hata neno.

Nikarudia tena na mchanga, maana nilisema nimekosea. Ndipo Bi Chiku akaingia. Ameona mtoto yuko mkekani, na susuni uko mfuko umelala. Alipiga ukelele! "Umemlaza nani humu? Unabembeza udongo, Mwatum? Unamwitia nani kaburi?" Nikamwambia, mama, huyu na mchanga wamekwenda sawa. Nikamweleza yote, mateke, springi, kila kitu, nalia. Nilidhani atanifukuza.

Akakaa chini. Akauchukua mguu wa kushoto wa Rahila akaushika, akachukua na wa kulia. Akasema, "Hii miguu ni baridi tangu ile homa. Nilikuwa naisifia adabu ili wewe usiitazame." Tukakaa wote wawili pale sakafuni. Yeye alijua, na mimi, kaka, mama mzazi ndiye anayemwogesha mtoto, huwezi kuniambia sikujua. Nilikuwa naulaumu mpira. Na springi ilipokuja nikakosa wa kumlaumu.

Kombo bado hajui, yuko safarini. Bi Chiku anasema tumsubiri. Wengine wanasema ni jicho, tumpeleke kwa mganga wa Pongwe.

Umeniuliza tangu Novemba. Jibu ni hili: hapigi.

Mwatum


Mtambwe
16 Machi 1984

Mwatum

Barua zako zote nimepata. Mwandiko usikushughulishe. Mkono una kazi nyingine.

Usimsubiri Kombo. Usiende Pongwe. Ukiisoma barua hii weka chini kalamu na ukili, mbebe mtoto nenda hospitali. Waambie homa, waambie wiki gani, waambie miguu baridi. Waambie na habari ya mchanga, wakicheka wacheke.

Mama mkwe wako mwambie namwamkia. Shikamoo yake hiyo.

Shaib


Usagara, Tanga
7 Mei 1984

Kaka yangu Shaib,

Shikamoo. Mvua za masika zimetufungia ndani, ukuta wa uani umelala. Kombo yupo, Hatibu ameng'oka jino kwa kuanguka, anajisifu nalo mtaani. Bi Chiku anakuitikia marahaba, amefurahi sana, anasema wewe una heshima kuliko mwanawe.

Nilikwenda siku ile ile barua ilipofika. Muuguzi mmoja anaitwa Kristina, Mbondei, mtu wa maneno makali na mikono laini. Alimgonga goti kwa kijinyundo, mguu haukujibu. Akamkuna nyayo, Rahila akalia. Akasema, "Anasikia. Kusikia anasikia, ila kusukuma hawezi." Ni polio. Iliingia na ile homa. Nikauliza matone ya chanjo, akaniuliza mimi kama alipata. Alipata mara moja tu. Mara nyingine tulikwenda matone hayapo, tukaambiwa turudi, tukarudi, hayapo. Mwaka ule nini kilikuwapo, kaka?

Nilimweleza habari ya mchanga. Hakucheka. Aliniita tena mbele ya daktari nirudie.

Sikuficha nikauliza, atatembea? Daktari akasema mguu wa kulia una uhai kidogo, wa kushoto wasinidanganye. Akikua atahitaji vyuma vya miguu, na magongo. Sasa hivi nimfanyie mazoezi, nimkunje nimkunjue, asubuhi na jioni, ili viungo visigande. Kombo alipoambiwa alitoka nje akakaa chini ya mvua. Siku ya pili nikamkuta anamkunja miguu taratibu, kama anakunja fedha ya mtu mwingine.

Mimi namkunja na kumkunjua, na bado kila asubuhi namtia kwenye susu, nafunga kamba kidoleni. Nasuka, nangoja. Kidole kiko kimya. Najua umeniambia ukweli, lakini kungoja hakunigharimu kitu.

Sasa zamu yangu. Wewe uliniuliza swali moja nikakukwepa, hukuniacha mpaka nikajibu. Huo si mwandiko wako. Herufi zote zimelala, kama zinapigwa na upepo wa upande mmoja. Barua yenyewe fupi, wewe ambaye ukiandika habari ya mwezi unamaliza wino. Na jirani anasema hutoki.

Mkono una nini?

Nijibu hilo kwanza, salamu baadaye.

Mdogo wako,
Mwatum


Mtambwe, Pemba
22 Juni 1984

Mdogo wangu Mwatum,

Marahaba, na Ramadhani karimu kwenu nyote. Umenishinda kwa maneno yangu mwenyewe. Nakujibu, lakini naandika polepole, nivumilie.

Nilikuwa juu ya mkarafuu. Siku ya tatu tu ya uchumaji. Tawi liliponyumbuka sikuogopa, nimezoea, tawi linanyumbuka linarudi. Somo lile lile nililokupa. Lakini mkarafuu si mpira wala chuma. Unanyumbuka kidogo, kisha unasahau somo.

Nilikuandikia habari ya kimo. Ule mti nimeupanda kwa jasho langu, tawi kwa tawi, na kila hatua kimo kile kilikuwa kinanikusanyikia bila ya mimi kujua. Kikarudi chote kwa mara moja, kikawa mwendo. Na chini hapakuwa na springi, mdogo wangu. Ardhi ya Mtambwe haivutiki. Nishati haifi, ilikwenda mahali. Iliingia mkono wa kulia, kwenye kiwiko na kwenye kiganja. Mfupa umeunga vibaya, vidole vimekunjika havifunguki.

Nasomesha kwa mkono wa kushoto. Ubaoni naandika kama kuku aliyekanyaga majivu, watoto wanacheka, nawaacha. Hilo si kitu. Lililonifunga ndani ni jingine. Mwatum, nakula kwa mkono wa kushoto. Wewe ni Mpemba, unajua maana yake. Sinia likiwekwa mimi natafuta udhuru. Ramadhani hii yote nimefuturu peke yangu, mlango umefungwa, mtu akipiga hodi naficha sahani. Wananiambia, mwalimu, Mungu anajua udhuru wako. Mungu anajua. Watu ndio wanaotazama.

Sikutaka kukwambia kwa sababu ulikuwa na lako.

Umesema unangoja kamba. Nisikudanganye: kutoka miguuni usingoje. Susu haiwezi kutoa ambacho hakikuingia. Nisamehe, ndiyo sayansi, haina adabu.

Kaka yako,
Shaib


Usagara, Tanga
27 Agosti 1984

Kaka yangu Shaib,

Shikamoo, shikamoo tena. Ya Hatibu ni ya tatu, na anasema ameelewa habari ya mwezi, una mbio, unaikosa ardhi. Anazunguka kisima anaanguka, anasema ndiye mwezi. Mtie kwenye orodha yako ya walimu.

Madukani vitu vimeanza kurudi. Duka la Bwana Kurbanali lina mtu mwingine, ametundika mabeseni na masufuria na vitambaa vya Dubai mpaka barazani, na springi za susu zipo rundo zima. Ukiziona utasema hakuna mtu aliyewahi kuzikosa. Tunazitazama tu, bei si yetu. Kombo haendi tena Mombasa, kila mtu sasa anakwenda, hakuna tena wa kumuuzia. Bi Chiku amepungua sana, ameacha hata utani wa farasi. Nakueleza ili ujue, si kwamba huku kumekuwa peponi.

Barua yako niliificha, nikaitoa, nikaificha tena. Pale penye sahani nililia. Halafu nikamsomea Bi Chiku, nisamehe, na yeye akasema, "Mwambie aje Tanga. Kwangu mimi ale hata kwa mguu." Neno la mguu likatufanya tumtazame Rahila. Kisha akaanza yeye kucheka, na mimi nikacheka, na tulikuwa tunalia.

Kaka, uliniambia kutoka miguuni nisingoje. Nilikusikia. Mazoezi ya kumkunja sikuacha, lakini kamba nilikuwa nafunga kwa mazoea tu, kama mtu anavyovaa pete ya marehemu.

Jana mchana nimekaa nasuka. Nilikuwa nimemvuta mara moja, susu imecheza, imesimama pahali pake panapojulikana. Nikaendelea na ukili wangu. Mara kidole kikavutwa. Nikasema ni paka. Kikavutwa tena. Dup. Dup.

Sikuinua macho, kaka, niliogopa. Nilitazama miguu yake kwanza, ilivyochoreka kwenye kitambaa. Imelala, kama siku zote. Lakini susu inakwenda juu na chini, na inaongezeka! Ndipo nikainua macho. Kule juu, kitambaa kinapokusanyika kwenye ndoana ya springi, Rahila amekishika kwa mikono miwili, ile mikono mizito niliyokwambia. Anajivuta, anajiachia. Anajivuta, anajiachia. Ulimi nje, amekunja uso kama anayepandisha maji kisimani. Hakuna aliyemfundisha.

Nikaimba. Wimbo wa mama nikaumaliza wote, paka, papa, ufagio, mpaka pale paka anapoomba radhi, ambapo nilikuwa nimepasahau. Susu bado inakwenda.

Najua hajatembea. Kristina alikuja kumtazama, akasema mikono hiyo ndiyo itakayobeba magongo, nisiiache ilegee. Mguu wa kushoto ni ule ule, baridi. Sikuandikii ili useme kapona.

Nakuandikia kuhusu futari yako na mlango wako uliofungwa. Idi ya kuchinja inakaribia. Njoo. Nimemwambia Kombo, sinia letu tutaliweka chini, na Rahila atakaa kwenye magoti yako, naye bado hajui mkono upi ni upi, anakula kwa yote miwili na hakuna anayemgombeza.

Ninapoandika hapa yumo susuni. Ukili nimeuweka kando na kamba siivuti. Nimenyoosha mguu tu, avute yeye.

Ndimi mdogo wako,
Mwatum